Kamera ya digrii 360 katika habari za kijamii: nani ameulizwa kabla ya kurekodiwa?

#1 – Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mwenyeji na mkalimani wa kikundi cha waandishi kutoka nje waliokuja Dar es Salaam kurekodi maisha ya watu wa Bonde la Msimbazi baada ya mvua kubwa. Walikuwa na kamera ya digrii 360, yaani kamera ndogo ya duara yenye lenzi pande zote. Waliisimamisha kwenye stendi katikati ya uwanja wa nyumba ya kupanga, wakawaomba wenyeji waendelee na shughuli zao, kisha sisi wageni tukajificha nyuma ya ukuta, kwa kuwa kamera ya aina hiyo haina mbele wala nyuma na ingetunasa popote ambapo tungesimama. Mama tuliyekuwa tumekubaliana naye alisimama mlangoni pake akaeleza jinsi maji yalivyoingia usiku. Kabla hajaanza, jirani yake, aliyekuwa ameketi mkekani upande wa pili wa uwanja akimpepea mtoto wake mgonjwa, aliniuliza, "Na mimi nimo?" Nilimjibu kuwa hayumo. Nilidhani ninasema kweli, kwa sababu macho ya watu wote yalikuwa yamemwelekea yule mama wa mlangoni.

Miezi michache baadaye nilivalishwa miwani ya uhalisia pepe (virtual reality), inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya mahali palipopigwa picha, ili niione kazi iliyokamilika. Mama alikuwa akizungumza vizuri, sauti yake imerekodiwa kwa umakini. Nikageuza kichwa kuutazama uwanja, nikamkuta jirani mkekani, uso wake wazi na mtoto wake mapajani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu nyuzi za khanga yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza maswali ambayo ningependa tuyajadili hapa kwa utulivu, hasa na wale walio katika vyumba vya habari.

Kwa wasioifuatilia historia yake, njia hii ya kuandika habari ilianza kujulikana sana Januari 2012 katika tamasha la filamu la Sundance nchini Marekani, pale Nonny de la Peña, aliyewahi kuwa mwandishi wa jarida la Newsweek, alipoonyesha kazi yake iitwayo Hunger in Los Angeles. Kisa chake ni foleni ya watu wanaosubiri msaada wa chakula nje ya kanisa. Mtu mmoja mwenye kisukari anaishiwa sukari mwilini kwa kukosa kula, anaanguka na kupoteza fahamu huku wengine wakihangaika kuita msaada. Sauti zote ni za kweli, zilirekodiwa siku ya tukio, lakini miili ya watu ilichorwa kwa kompyuta. Watazamaji walipiga magoti kando ya mgonjwa wakitaka kumsaidia, na baadhi yao walivua miwani wakiwa wanalia.

Jambo ninaloomba tulizingatie hapo ni kwamba watu wa foleni ile walichorwa. Hakuna aliyeweza kumtambua mgonjwa barabarani kesho yake. Mambo yalibadilika kamera za digrii 360 zilipokuwa nyepesi na za bei nafuu. Januari 2015, kwenye mkutano wa uchumi wa dunia huko Davos, Uswisi, Umoja wa Mataifa ulionyesha filamu ya Gabo Arora na Chris Milk kuhusu msichana wa miaka 12 kutoka Syria anayeishi katika kambi ya Za'atari nchini Jordan, na Novemba mwaka huohuo gazeti la New York Times liliwapelekea wasomaji wake zaidi ya maboksi milioni 1 ya kadibodi, ambayo mtu hutumbukiza simu yake ndani na kutazama, ili waone habari ya watoto watatu waliokimbia makwao Ukraine, Sudan Kusini na Syria. Hao hawakuchorwa. Ni watoto wa kweli wenye sura zao, na nyuma yao, kushoto kwao na kulia kwao kuna watu wengine wa kweli.

Mpiga picha wa kawaida ana fremu. Akiinua kamera, kila mtu aliye karibu anajua nani anapigwa picha na nani hapigwi. Asiyetaka husogea pembeni au hufunika uso kwa mtandio, na mpiga picha mwenye adabu humwacha nje. Kamera ya digrii 360 imeondoa pembeni. Imemwondolea mwandishi uwezo wa kuacha kitu nje, na imemwondolea mwenyeji ishara aliyokuwa akiitegemea kujua kama yumo au hayumo. Watu hulizungumzia hili kama suala la ufundi, la wapi ufiche taa na wapi uwafiche watu wako. Naona kwamba kiini chake ni ridhaa, na mimi mwenyewe nilitoa jibu lisilo sahihi kwa mtu aliyeniamini, kwa lugha yake.

Si kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 2016 gazeti la Guardian la Uingereza lilitengeneza kazi iitwayo 6x9, kuhusu wafungwa wa Marekani wanaowekwa peke yao katika chumba cha futi 6 kwa 9, takribani mita 1.8 kwa 2.7, saa 23 kwa siku. Chumba kilichorwa kwa kompyuta, na sauti ni za watu waliowahi kufungwa hivyo, wakieleza namna akili inavyoanza kuona vitu visivyokuwepo. Mtazamaji anakaa chumbani peke yake. Hakuna mfungwa anayetazamwa kama kitu cha maonyesho, na hilo halikupunguza uzito wa habari hata kidogo. Najua mchoro nao una hatari zake, kwa sababu mwandishi anaweza kuongeza jambo ambalo halikuwepo na msomaji asijue lilikotoka, lakini hatari hiyo inaweza kuandikwa mwanzoni mwa kazi kwa maneno machache: hiki tumekirekodi, hiki tumekichora, na hiki tumeelezwa na mashahidi.

Ningependa kusikia kwa walio na uzoefu. Je, mmewahi kurekodi kwa kamera hizi katika kambi, hospitali au vitongoji vya hapa kwetu? Mlimuuliza nani, na mlimuuliza vipi?

#2 – Mchangiaji

Mleta mada, ahsante kwa kukiri jambo hilo hadharani. Mimi nafundisha uandishi wa habari, na suala hili huibuka darasani kila mwaka, ila wanafunzi wangu hulianza kwa mlango mwingine: je, vifaa hivi vinafanya kazi ambayo maneno hayawezi kuifanya?

Chris Milk, uliyemtaja, ndiye aliyeuita uhalisia pepe mashine ya kuleta huruma, na msemo huo umeenea sana. Mwanasaikolojia Paul Bloom alimpinga kwenye jarida la The Atlantic mwaka 2017, kwa hoja ambayo naiona ina nguvu. Ubaya wa maisha ya mkimbizi hauko hasa katika namna hema linavyoonekana. Uko katika kutojua utakaa hapo hadi lini, katika hofu ya yaliyobaki nyuma, katika kutokuwa na neno juu ya maisha yako mwenyewe. Mtazamaji anayejua kwamba baada ya dakika nane atavua miwani na kunywa chai hawezi kuyaonja hayo, hata picha ingekuwa safi kiasi gani. Nami naongeza kwamba anaweza kuondoka akiamini ameyaonja, na hapo tumemdhuru yeye na tumemdhuru mkimbizi.

Oktoba 2017 tuliona hali hiyo ikifika mbali. Mark Zuckerberg wa Facebook na mwenzake walionekana kama vikatuni vyenye tabasamu ndani ya picha za digrii 360 za Puerto Rico iliyofunikwa na maji baada ya kimbunga Maria, wakiitambulisha teknolojia ya kampuni yao. Watu walikasirika, naye akaomba radhi. Picha zilikuwa za waandishi wa habari, zimerekodiwa kwa nia njema, lakini zikageuzwa mandhari ya tangazo la biashara.

Upande wa pili lazima nao usemwe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 560. Baadhi walipitishwa katika uhalisia pepe kwenye kisa cha mtu anayepoteza kazi, kisha nyumba, kisha akaishia kulala ndani ya basi. Wengine walisoma kisa hichohicho kwenye maandishi. Walipoombwa kutia saini ombi la kuunga mkono nyumba za bei nafuu, asilimia 82 ya waliovaa miwani walitia saini, na waliosoma ni asilimia 67. Tofauti ipo na ni ya kweli. Hata hivyo, mimi kila nikiusoma utafiti huo jicho langu hukaa kwenye ile 67. Karatasi na wino, bila umeme wala miwani, viliwafikisha watu wengi kiasi hicho, na karatasi haimwaniki jirani mkekani.

#3 – Mleta mada

Mwalimu, hoja ya Bloom naikubali karibu yote. Ila angalia kisa cha Stanford kilivyojengwa. Hakikuanzia kwenye basi, kilianzia kwenye kupoteza kazi. Mtazamaji aliona kitu gani kilisababisha kipi, hatua kwa hatua, akiuza vyombo vyake ili alipe kodi. Kazi nyingi za uhalisia pepe kuhusu umaskini zinamtua mtu moja kwa moja kwenye matope na kumwacha hapo atazame. Kwa kazi ya Msimbazi niliyoshiriki, hakuna sekunde hata moja iliyoeleza kwa nini watu wanajenga bondeni, kodi ya chumba ni shilingi ngapi mahali pa juu, wala kwa nini baadhi ya waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walirudi mjini kulikokuwa na kazi zao. Mtu wa London aliyeitazama alitoka na jambo moja tu, kwamba watu wale wanaishi pabaya.

Kuna habari ambazo mahali penyewe ndiyo maelezo. Mfululizo wa BBC wa mwaka 2018 kuhusu mto Nile na bwawa kubwa la Ethiopia ulimchukua mtazamaji kutoka Ethiopia hadi Misri, na mtu akiwa juu ya bwawa na baadaye katika mashamba ya chini anauona ugomvi wa maji kwa namna ambayo ramani ya gazetini haimwonyeshi. Habari za namna hiyo ningezipigania.

#4 – Mchangiaji

Shikamooni wakubwa. Mimi niko redio, mkoani Kigoma, na nimewahi kuazimwa kamera ya digrii 360 kwa wiki mbili kwenye mafunzo. Nizungumzie yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Watu huambiwa kamera inarekodi kwa ubora wa 4K wakadhani msomaji ataona 4K. Haiko hivyo. Upana wote wa picha, kama pikseli (nukta za picha) 3,840, umetandazwa kuzunguka duara zima, na mtazamaji kwa wakati mmoja anaona kama robo yake tu. Ndiyo maana sura za watu walio mbali huonekana kama zimepakwa mafuta, ilhali bando limelipia duara zima, pamoja na sehemu ambazo hakuzitazama. Msikilizaji wangu wa Kasulu hawezi kununua hilo. Kwa hiyo tunatengeneza kazi kuhusu watu wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopokea Wakongo tangu 1996 na baadaye Warundi wengi, kisha kazi hiyo inatazamwa Ulaya, na mtu pekee asiyeweza kuifungua ni yule aliyerekodiwa. Kwangu mimi hilo ni jeraha la pili, baada ya lile la ridhaa.

Na hao wenye fedha wenyewe wamepunguza mwendo. BBC ilikivunja kitengo chake cha uhalisia pepe mwaka 2019, na Google iliacha kuuza yale maboksi ya kadibodi mwaka 2021. Chumba cha habari cha hapa kwetu kinachofikiria kukopa fedha kwa ajili ya miwani kijue hilo.

Kitu kimoja tu nilichokipenda kwa moyo wote ni sauti. Mafunzoni tulirekodi soko kwa maikrofoni inayochukua sauti pande zote, na ukivaa spika za masikioni unasikia mama wa dagaa anakuita kutoka kushoto na pikipiki inapita mgongoni kwako. Faili lake ni dogo na uso wa mtu haumo. Nashangaa watu wa redio hatujaichukua sehemu hiyo tukaifanya yetu.

#5 – Mchangiaji

Salamu kutoka Nairobi. Ningependa kuongeza suala la nani anashika kamera. Mwaka 2017 shirika la Electric South la Afrika Kusini liliwaunga mkono wasanii wa Kiafrika kutengeneza kazi zao za uhalisia pepe, na kutoka hapa kwetu walikuwemo Ng'endo Mukii pamoja na kikundi cha Nest Collective. Kazi zao ni za sanaa, hazikuwa habari, lakini nilipoiona ya Mukii kuhusu Nairobi nilishtuka kwa jambo dogo: kwa mara ya kwanza ndani ya miwani hiyo sikuwa mgeni anayetembezwa. Mji ulizungumzwa na mtu anayeupenda na kuuchukia kama mimi. Hakuna aliyenieleza matatu ni nini.

Ndugu mleta mada, umeandika kwamba ulimjibu jirani kwa lugha yake. Naomba nikuulize bila kukulaumu: je, mwenyewe alikuja kuiona kazi ile?

#6 – Mchangiaji

Kabla mleta mada hajajibu, niseme kidogo kuhusu uhalisia ulioboreshwa, maana naona tumeusahau. Huo hauhitaji kumtoa mtu alipo. Unaongeza picha au maelezo juu ya mahali halisi anapopaona kupitia kamera ya simu au kwenye runinga. Septemba 2018, kimbunga Florence kilipokuwa kinakaribia majimbo ya Carolina, kituo cha Weather Channel cha Marekani kilimwonyesha mtangazaji akiwa amesimama studio huku maji ya kuchorwa yakipanda kumzunguka: futi 3, magari yakaanza kuelea, futi 6, yakampita kichwa, futi 9, ghorofa ya chini ya nyumba imefunikwa. Takwimu ambayo watu huisikia kila msimu bila kuijali ikawa na urefu wa mwili wa binadamu. Na hakuna mwathirika hata mmoja aliyewekwa kwenye maonyesho, kwa sababu habari ilitolewa kabla ya mafuriko, kwa ajili ya watu wanaohitaji kuhama.

Kwa Dar es Salaam jambo hilo linawezekana. Mradi wa Ramani Huria, tangu 2015, umewatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora ramani za mitaa, mifereji na nyumba katika kata zinazofurika, na picha za droni zipo. Mkazi wa Jangwani akiinua simu mlangoni pake angeweza kuona mstari wa maji ya mvua kubwa inayotarajiwa.

Lakini nina hofu, na naisema kwa sababu nilikuwepo mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilipowekwa alama ya X nyekundu, yaani za kubomolewa. Mstari wa maji kwenye simu unaweza kusomwa na mkazi kama onyo, na ukasomwa na mwenye mamlaka au dalali wa viwanja kama alama ya X ya kidijitali. Mwandishi anayetengeneza kitu hicho lazima ajue tangu mwanzo ni nani atakayekitumia siku ya pili.

#7 – Mleta mada

Mchangiaji wa #6, hilo la alama ya X sikuwa nimelifikiria, nami nitalifanyia kazi.

Sasa nijibu swali la Nairobi. Ndiyo, aliiona. Nilirudi mtaani na simu yangu, bila miwani, kwa sababu kazi hizi hufunguka hata kwenye simu ya kawaida na unaweza kuizungusha ukatazama pande zote. Nilimwomba radhi kwanza, nikamweleza kuwa nilimjibu bila kuielewa kamera ile. Aliichukua simu, akazunguka nayo taratibu pale pale uwanjani, hadi alipofika upande wa mkeka akasimama. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliniuliza ni watu wangapi wameiona. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sirekodi bila huo. Kabla ya kazi tunarekodi dakika moja ya majaribio, kisha simu inapita mkononi mwa kila mtu aliye uwanjani, aizungushe ajione alipo, ndipo nauliza. Mtu hawezi kukubali kitu ambacho hajakiona, na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria haimsaidii. Anayekataa anaelekezwa mahali ambapo ukuta unamkinga, au tunasubiri amalize shughuli yake. Watoto wagonjwa siwarekodi kabisa. Kazi ikikamilika inarudi kuonyeshwa kabla ya kuchapishwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019, lakini kwa maoni yangu mwandishi anayesubiri sheria imfundishe kuuliza ameshachelewa.

Nilimuuliza yule jirani anataka tufanye nini, nikaahidi kuwaandikia waliotengeneza. Alisema uso wa mtoto ufunikwe, na ulifunikwa kwa ukungu baada ya wiki mbili. Wa kwake alitaka uachwe. Alisema maji yaliingia chumbani kwake pia usiku ule, yalifika juu ya kitanda, na siku tulipokuja na kamera hakuna aliyemuuliza.

Nilikaa mkekani, nikawasha kinasa sauti.